Nani Ameomba? Sukari, Karafuu na Dhamiri ya Mnunuzi

Imani kwamba mnunuzi anaweza kuirekebisha dunia kwa kuchagua anachonunua ina umri mkubwa kuliko nembo zinazobandikwa leo kwenye pakiti za kahawa na chokoleti. Imepita mikononi mwa Waquaker, dhehebu la Kikristo, wa Uingereza, wanazuoni wa Kiislamu, wazalendo wa India na wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na kila kundi limeipa sura yake. Nataka kuziweka mila hizo bega kwa bega, kwa sababu zikitazamwa pamoja zinatupa maswali matatu ya kupimia ununuzi wowote unaojiita wa haki. Nani ameomba? Nani anabeba gharama? Nani anakagua? Waliojibu maswali hayo vizuri walibadilisha maisha ya watu. Walioyaruka waliishia kujifariji wenyewe, na mara nyingine waliwaumiza wale wale waliotaka kuwaokoa.

Sukari mezani

Mwezi Aprili 1791 Bunge la Uingereza lilikataa hoja ya William Wilberforce ya kukomesha biashara ya watumwa. Waliokataa walikuwa 163, waliokubali 88. Mlango wa Bunge ulipofungwa, watu walitafuta mwingine, wakaupata jikoni. Mwaka huohuo William Fox alichapisha London kijitabu kilichowataka Waingereza waache sukari na ramu kutoka visiwa vya Karibi. Aliwapigia hesabu: familia inayotumia ratili tano za sukari kwa wiki, pamoja na ramu inayolingana nayo, ikijizuia kwa miezi 21 itakuwa imemwepusha binadamu mmoja na utumwa au kifo. Mtu anaweza kuibishia hesabu hiyo, lakini nguvu yake iko wazi. Iliichukua dhuluma iliyotendeka ng'ambo ya bahari ikaileta mezani, mbele ya mtu aliyeshika kikombe cha chai. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi akikusanya ushahidi dhidi ya biashara ya watumwa, alikadiria kwamba watu 300,000 hivi waliiacha sukari hiyo.

Mwito huo ulikuwa na uzito kwa sababu walioumizwa walikuwa wameshasema. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, alichapisha kisa cha maisha yake mwaka 1789, akazunguka Uingereza na Ireland akikiuza kitabu na kuzungumza na watu. Aliyesusia sukari alikuwa anaijibu sauti aliyoisikia. Wanawake, ambao hawakuwa na kura, ndio walioamua kinachoingia jikoni, na uamuzi huo ukawa siasa yao. Katika miaka ya 1820 Elizabeth Heyrick na mwenzake Susanna Watts walipita nyumba kwa nyumba mjini Leicester wakiwasihi watu waiache sukari ya watumwa. Kijitabu cha Heyrick cha mwaka 1824 kilidai watumwa waachwe huru mara moja, wakati ambapo viongozi wengi wa kiume wa harakati hizo bado walihubiri hatua za polepole.

Lakini swali la mkaguzi halikupata jibu. Ziliuzwa bakuli za sukari zenye maandishi yaliyotangaza kwamba sukari iliyomo imetoka India na haikutengenezwa na watumwa, ilhali India yenyewe ilikuwa na utumwa, na sheria iliyouondolea utambuzi wa mahakama huko ilipitishwa mwaka 1843. Pamba nayo ilipita bila kuulizwa. Pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani ilifumwa Massachusetts, ikavuka bahari hadi Unguja, na huko vitambaa hivyo, vilivyoitwa marekani, vikabadilishwa kwa pembe za ndovu na sandarusi. Wakati huo karafuu za Unguja na Pemba nazo zilichumwa na watumwa, hadi utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Katika mnyororo huo hakuna aliyeweza kujisafisha kwa kuhama duka tu.

Ndiyo maana kususia sukari kusingevunja minyororo peke yake. Kulikuwa chuo. Watu waliojifunza kujinyima pamoja walijifunza pia kutia saini pamoja, na mwaka 1792 maombi 519 ya wananchi yalifika Bungeni. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku mwaka 1807, na sheria ya kuufuta utumwa katika makoloni ikapitishwa mwaka 1833. Katikati ya hayo watumwa wenyewe walikuwa wameinuka, Saint-Domingue kuanzia Agosti 1791 na huko Jamaika wakiongozwa na Samuel Sharpe wakati wa Krismasi ya 1831. Uhuru ulipokuja, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, zikaenda kwa waliokuwa wakimiliki watumwa. Waliolima miwa hawakupata kitu. Mnunuzi alikuwa ameshinda, na aliyeumizwa hakulipwa. Aibu hiyo inapaswa kukaa ndani ya hadithi hii kila inaposimuliwa.

Mkono ndani ya lundo

Katika mila ya Kiislamu jambo linaanzia kwa muuzaji. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inasimulia kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni akakuta lundo la nafaka. Akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akaeleza kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke iliyolowa juu, watu wakaiona, na akamwonya kwamba anayeghushi si mwenzake. Tazama kilichotendeka hapo. Mkono ulioingia kwenye lundo ni wa kiongozi wa jamii. Mnunuzi hakuachiwa kazi ya kuchimbua kila gunia kwa vidole vyake.

Kutokana na msingi huo ikakua taasisi ya hisba. Muhtasibu alikuwa mkaguzi wa soko: anapima mizani na vibaba, anatazama maziwa kama yametiwa maji, anawaonya wanaowabebesha wanyama mizigo wasioiweza. Al-Shayzari katika karne ya 12 na Ibn al-Ukhuwwa baada yake waliandika miongozo ya kazi hiyo, wakiichambua fani moja baada ya nyingine, waokaji, wachinjaji, wauza dawa, na kueleza hila za kila fani na namna ya kuzigundua. Sura ya Al-Mutaffifin ilikuwa imeshawalaani wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunjia wengine. Hisba iliipa laana hiyo mtu wa kuitekeleza.

Mnunuzi naye hakusamehewa dhamiri. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din kuzungumzia halali na haramu, akazipanga daraja za waraa, yaani kujiepusha, kuanzia kwa anayeacha haramu iliyo wazi hadi kwa anayeacha hata kilicho halali kama hakichukuliwi kwa ajili ya Mungu. Papo hapo akaonya dhidi ya wasiwasi uliopita kiasi, wa mtu anayemhoji kila mwenzake kuhusu asili ya mali yake hadi akamvunjia heshima. Uchaji ukigeuka kuwadhania watu vibaya, umepotea njia.

Ukimweka Al-Ghazali karibu na John Woolman, Mquaker wa New Jersey aliyefariki York mwaka 1772, utadhani walisoma chuo kimoja. Woolman aliacha sukari ya watumwa na nguo zilizotiwa rangi. Alipokaribishwa katika nyumba yenye watumwa alitoa fedha ili wao walipwe kwa kazi ya kumhudumia. Alipofika Uingereza alitembea kwa miguu badala ya kupanda magari ya farasi ya abiria, kwa kuwa aliona jinsi vijana walioyaendesha na farasi wenyewe walivyoteswa. Wote wawili wanafundisha kwamba kitu kinabeba historia ya mikono iliyokigusa. Wanatofautiana kwa kilichokuwa nyuma yao. Woolman aliishi kwenye soko lisilo na muhtasibu wa kumtetea mtumwa, hivyo mwili wake ukawa hoja. Waraa ya Al-Ghazali ilisimama juu ya sakafu ya sheria na ukaguzi. Kwangu mimi mpangilio huu wa pili ndio salama zaidi: dhamiri ya mtu mmoja mmoja ianzie pale sheria inapoishia, isilazimishwe kuziba nafasi ya sheria ambayo haipo.

Nguo ya India, karafuu ya Pemba

Wazalendo wa India walikwenda njia ya tatu. Tarehe 7 Agosti 1905, katika mkutano wa Calcutta wa kupinga mpango wa kuigawa Bengal, walitangaza kususia bidhaa za Kiingereza, hasa nguo. Swadeshi, ununuzi wa vya nyumbani, ikawa nusu ya pili ya mwito huo: atakayeacha nguo ya Manchester awe na nguo nyingine ya kuvaa. Gandhi aliipeleka mbele zaidi kwa khadi, kitambaa cha kusokotwa kwa mkono. Tarehe 31 Julai 1921 nguo za kigeni zilirundikwa Bombay zikachomwa moto. Hapo ununuzi uligeuka uzalishaji, kwa kuwa kila nyumba iliombwa izungushe gurudumu la kusokotea.

Upinzani uliokuja kutoka ndani ndio unaonivutia. Rabindranath Tagore, aliyeanza kama muungaji mkono wa swadeshi, alionyesha katika riwaya yake Ghare Baire ya mwaka 1916 jinsi wachuuzi na wakulima maskini, wengi wao Waislamu, walivyolazimishwa kuacha bidhaa rahisi za kigeni ambazo ndizo pekee walizozimudu. Tajiri anayesusia anabadili nguo; maskini anayesusishwa anakosa. C. F. Andrews, rafiki wa Gandhi, naye alisikitishwa na uchomaji wa nguo ambazo zingewasitiri wasio nazo. Gandhi hakulikwepa swali la gharama. Mwezi Septemba 1931 alikwenda Lancashire, akawaona uso kwa uso wafanyakazi wa viwanda waliokosa kazi nguo zao ziliposusiwa, akawaeleza umaskini wa vijiji vya India. Walimpokea kwa ukarimu. Sijui mfano bora wa heshima katika kususia: unamfuata anayeumia kwa uamuzi wako, unasimama mbele yake, unamweleza.

Silaha hiyohiyo ilipotua kwetu ilikata upande mwingine. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilitoa amri iliyokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu ukiritimba wa kununua karafuu. Serikali ilisema inawakinga wenye mashamba waliozama katika madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Wafanyabiashara wakaona wanang'olewa, wakagoma kununua. Chama cha Congress, cha wazalendo wa India, kikawataka wananchi wa nchi hiyo waache karafuu za Zanzibar, na India ilikuwa miongoni mwa masoko yake makubwa. Mwaka 1938 yakafikiwa maafikiano yaliyowarudisha wasafirishaji wa Kihindi katika biashara.

Sasa tazama ilikotoka karafuu hiyo. Mchumaji anapanda mti mrefu, anavuta matawi kwa kamba, anakata vishada kabla ua halijafunguka. Jioni watu wanakaa chini kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Kisha inaanikwa kwenye majamvi siku kadhaa, ikigeuzwa na kuanuliwa kila wingu linapojikusanya, hadi iwe kahawia na kuvunjika kwa ukucha. Malipo ni kwa pishi. Mtu huyo hakuomba kususiwa, hakuulizwa juu ya ukiritimba, na hakuketi kwenye meza ya maafikiano. Wafanyabiashara walikuwa na malalamiko ya kweli dhidi ya amri ya kikoloni, na Congress ilikuwa inawatetea Wahindi walioonewa ugenini. Lakini kususia kulikozaliwa kama silaha ya mnyonge kulikuwa sasa mvutano wa wakubwa, na mwenye pishi yake mkononi akabaki anatazama bei. Nani ameomba? Pasipoulizwa swali hilo, kususia kunaweza kumtumikia yeyote mwenye mtandao wa kukutangaza.

Mabalungi mawili ya Dublin

Afrika Kusini ilijibu swali hilo kwa uwazi usiosahaulika. Mwaka 1959 chama cha ANC kiliwataka wananchi wake wenyewe waache viazi, kwa sababu ya mateso ya vibarua katika mashamba ya Bethal. Weusi maskini, ambao viazi vilikuwa chakula chao cha kila siku, waliviacha. Kisha wakaiomba dunia ifanye vivyo hivyo kwa bidhaa za nchi yao. Tarehe 26 Juni 1959, katika mkutano wa London uliozindua kampeni ya kususia bidhaa hizo, Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa waliohutubia, pamoja na padri Trevor Huddleston. Kila aliyeelezwa kwamba kususia kutawaumiza Waafrika maskini alikuwa na jibu: wao wenyewe ndio wameomba, na gharama wamekubali kuibeba.

Ombi hilo lilisafiri robo karne hadi likafika kwa mfanyakazi wa dukani. Tarehe 19 Julai 1984 Mary Manning, kijana wa miaka 21 aliyekaa kwenye mashine ya malipo katika duka la Dunnes mjini Dublin, alikataa kupokea malipo ya mabalungi mawili kutoka Afrika Kusini, kwa kufuata agizo la chama chake cha wafanyakazi. Akasimamishwa kazi. Wenzake wakatoka naye, wakasimama nje ya duka karibu miaka mitatu, wakiishi kwa posho ndogo ya mgomo. Mwaka 1987 serikali ya Ireland ilipiga marufuku mazao ya Afrika Kusini. Mabalungi mawili yaliyokataliwa yalizaa sheria kwa kuwa nyuma ya binti huyo kulikuwa na chama, na nyuma ya chama kulikuwa na ombi la watu wa Afrika Kusini. Mambo yote matatu yapo hapo: walioomba wanajulikana, waliobeba gharama waliikubali, na mwisho dola ikashika kazi ya ukaguzi mpakani.

Kahawa na koltani

Tuyalete maswali hayo kwenye bidhaa za leo. Nembo ya Max Havelaar, mama wa nembo za biashara ya haki, ilizinduliwa Uholanzi mwaka 1988 kwa kahawa ya wakulima wa chama cha UCIRI, jimbo la Oaxaca, Mexico. Wakulima hao walikuwa wamesema wazi kwamba wanachotaka ni bei ya haki, si sadaka. Waliomba wao. Mila hiyo haikuwa ngeni Kilimanjaro: Wachaga waliolima kahawa chini ya migomba yao waliunda chama mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU, ambao baadaye uliingia katika soko la kahawa yenye nembo ya haki. Udhaifu upo kwenye gharama. Ada ya kukaguliwa inalipwa na ushirika wa wakulima, na kahawa iliyokidhi masharti yote bado inaweza kukosa mnunuzi wa bei hiyo, ikauzwa kama kahawa nyingine yoyote.

Wachimbaji wa madini wa Kivu, mashariki mwa Kongo, walikuwa na bahati mbaya zaidi. Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni zieleze kama koltani, bati, tungsteni au dhahabu yao inatoka Kongo na nchi jirani, ili fedha za simu na kompyuta zisiwalishe wenye bunduki. Nia ilikuwa njema, na wapo Wakongo walioiunga mkono, maaskofu wakiwemo. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011, na wanunuzi wengi wa nje wakaona jepesi ni kuikimbia Kongo. Mchimbaji mdogo aliyelipia ada ya shule ya wanawe kwa nyundo na patasi akakosa soko. Mwaka 2014 wataalamu wapatao 70, Wakongo wakiwemo, waliandika barua ya wazi wakieleza kwamba mpango huo umewaacha wachimbaji wengi pabaya zaidi. Simu ilitangazwa safi kwa kuwa mchimbaji ameondolewa kwenye hesabu, kama bakuli za sukari za miaka ya 1820 zilivyotangazwa safi bila kumuuliza mtumwa wa India.

Kununua pamoja

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mnunuzi mmoja havunji dhuluma. Mila zote nilizozipitia zinakubaliana hapo. Sukari ilikuwa na vikundi vya akina mama, khadi ilikuwa na Congress, mabalungi yalikuwa na chama cha wafanyakazi, na soko la Kiislamu lilikuwa na muhtasibu. Nembo ya dukani inamchukua mnunuzi peke yake, inamwambia amefanya wema wake, inamwachia aende. Hiyo ndiyo sehemu ya mila hii ninayoikataa.

Sisi tuna namna ya kununua ambayo wahubiri wa nembo hawajaitazama: tunanunua kwa vikundi. Kamati ya harusi inaagiza sare za doti mamia kwa siku moja. Kamati ya msikiti au parokia inanunua mchele na sukari kwa magunia. Vikoba na SACCOS vinashika fedha ambazo muuzaji wa jumla anazitaka sana. Kundi la namna hiyo likimuuliza muuzaji kitambaa hiki kimefumwa wapi na waliokishona wanalipwaje, atatafuta jibu, kwa sababu hataki oda imponyoke. Mtu mmoja akiuliza hilo dukani ataambiwa kama hutaki acha. Kundi hilohilo linaweza kununua moja kwa moja kutoka kwa ushirika wa wakulima. Na pale bidhaa inapobainika kuwa imeghushiwa au imepunjwa, linaweza kwenda na barua moja yenye saini nyingi kwa wakala wa vipimo, shirika la viwango na mbunge, liwakumbushe kwamba kutia mkono ndani ya lundo ndiyo kazi waliyopewa.

Kabla ya kuacha au kununua, kundi lizungumze na anayezalisha. Mchumaji wa karafuu, mshonaji wa Dhaka, mchimbaji wa Kivu, kila mmoja ana la kusema juu ya anachotaka tufanye, na mara nyingi jibu lake litakuwa kwamba anataka tuendelee kununua na tumsaidie kudai bei. Tukilisikia na kulifuata, hata likitugharimu, fedha yetu itakuwa imemfikia aliyeitolea jasho.